Rufaa ya Fidia kwa Aliyeumia Kazini: Nafasi ya Taarifa ya Daktari

Fundi seremala mmoja alirudi kliniki kwangu akiwa na barua mkononi. Miezi kadhaa kabla ya hapo, msumeno wa mashine ulikuwa umemkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nasi tukaziunga kano pamoja na neva ya kati iliyokatika. Barua ilimweleza kiwango cha ulemavu wa kudumu alichokadiriwa, nacho kilikuwa kidogo mno kwake. "Daktari," alisema kwa upole, "karatasi yenu inasema nimepona, lakini msumari siushiki."

Nilifungua jalada lake. Katika mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Kidonda kimepona. Anaweza kurejea kazini." Maneno hayo yalikuwa ya kweli kuhusu kidonda. Kuhusu mkono, hayakusema lolote. Makala haya yanaeleza jinsi taarifa ya namna hiyo inavyoweza kumnyima mgonjwa haki yake, na jinsi ya kuirekebisha.

Uamuzi hufikiwaje?

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango hulipwa na mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa utokanao na kazi, hustahili matibabu na malipo ya ulemavu wa muda anapokuwa hawezi kufanya kazi. Ikiwa ulemavu utabaki, hukadiriwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo tofauti ya asilimia chache yaweza kubadilisha maisha ya familia nzima.

Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kuupinga. Hospitalini tumezoea neno rufaa kwa maana ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya juu. Hapa maana yake ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Shauri laweza kufika kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hoja za msingi kwa kawaida ni tatu: kwamba jeraha lilitokana na kazi, kwamba kiwango cha ulemavu hakikukadiriwa ipasavyo, au kwamba kipato kilichotumika katika hesabu si sahihi. Hoja ya tatu huthibitishwa kwa hati za mshahara na mkataba. Mbili za kwanza hutegemea sana kalamu ya mtumishi wa afya.

Kidonda kupona si mkono kupona

Neva iliyoungwa huota kwa wastani wa milimita moja kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole ni takriban sentimita 18. Safari hiyo huchukua nusu mwaka au zaidi, na mara nyingi hisia hazirejei kikamilifu. Katika mwezi wa tatu neva ya fundi yule ilikuwa bado njiani. Kumtathmini wakati ule ilikuwa mapema. Tathmini ya ulemavu wa kudumu hufanywa hali ikiwa imetulia na matibabu zaidi hayatarajiwi kuleta badiliko kubwa.

Neva ya kati ndiyo huleta hisia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, nayo huwezesha gumba kukutana na vidole vingine. Asiye na hisia hizo hulazimika kuutazama mkono wake kila anaposhika kitu. Kwa seremala aliye mbele ya msumeno, hiyo ni hatari ya ajali ya pili.

Mtumishi wa afya aandike nini?

Siku ya kwanza, andika tarehe, saa, mahali, kazi aliyokuwa akifanya na jinsi alivyoumia, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Maelezo ya siku hiyo yana uzito kuliko kumbukumbu ya miezi baadaye.

Wakati wa tathmini, pima, kisha andika namba. Taja mkono anaoutumia zaidi. Pima mkunjo wa kila kiungo kwa goniometa, na nguvu ya kushika kwa dinamometa ukilinganisha mikono yote miwili. Pima umbali ambao ncha ya kidole hutambua nukta mbili. Kwa kawaida hauzidi milimita 6. Badala ya "ana udhaifu kidogo", andika kazi ambazo hawezi kuzifanya. Usiongeze chumvi: taarifa iliyotiwa chumvi humharibia mgonjwa yuleyule unayetaka kumsaidia.

Mgonjwa afanye nini?

Mjulishe mwajiri mara tu unapoumia, naye autaarifu Mfuko. Usikawie kuwasilisha dai. Sheria imeweka ukomo wa miezi 12. Tunza nakala ya kila karatasi. Ukipokea barua ya uamuzi, andika tarehe uliyoipokea na uulize siku hiyohiyo mwisho wa kuwasilisha pingamizi ni lini, kwa kuwa haki njema hupotea kwa kuchelewa. Omba kuelezwa kiwango kilifikiwaje, kisha rudi kwa daktari na barua hiyo. Usimwombe akupandishie asilimia. Mwombe apime upya na aandike alichokiona.

Hitimisho

Nilimpima fundi yule upya, nikaandika taarifa ya kurasa mbili, na ndani yake nikakiri kwamba maelezo yangu ya awali yalihusu kidonda tu. Kiwango kiliongezwa. Hakikuvuka asilimia 30, hivyo alilipwa kwa mkupuo. Lakini alilipwa kwa mkono alionao, si kwa sentensi mbili zangu. Tangu siku ile, kabla ya kuandika neno "amepona", hujiuliza kwanza: ni nini kilichopona, na ni nini ambacho bado?