Likizo ya Agosti: kuzuru vyuo na familia kutoka Kabati bila kugusa pesa za karo

Tuseme binti yako alimaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yakatoka Januari, akapata C. Amekaa nyumbani akikusaidia sokoni. Siku moja simu yake inapokea picha ya barua: hongera, umepata nafasi ya diploma. Barua ina nembo, ina muhuri, ina sahihi. Chini kabisa kuna nambari ya simu ya mtu na maneno haya: tuma 5,000 leo kabla ya saa kumi, nafasi zimebaki tatu.

Anakuja mbio. "Mwaitu, nimepata!" Na wewe una hizo 5,000. Ziko kwenye simu, zimebaki kwenye pesa za ndengu, na ulikuwa umeziweka kwa kazi hiyohiyo ya karo. Unafanya nini?

Usitume. Barua hiyo inaweza kuwa ya kweli, na inaweza kuwa imeandikwa na kijana mmoja mwenye simu nzuri na muda mwingi. Kwa kuiangalia tu huwezi kujua. Kitu kinachoweza kukuonyesha ukweli ni kufika: kuona lango, kuingia karakana, kuuliza ofisini, kuongea na wanafunzi waliopo. Kwa hivyo somo la leo ni la safari hiyo, jinsi ya kuipanga kama familia wakati wa likizo ya Agosti na jinsi ya kuitengea pesa zake ili isile karo.

Kwanza, ni vyuo gani?

Kabati yetu ya Kitui iko mahali pazuri. Barabara hiyohiyo inakupeleka Kitui mjini upande mmoja, na upande wa pili Migwani na Mwingi. (Kama binti yuko kwa shangazi Nairobi na atakuja kuungana nanyi, mwambie aseme Kabati ya Kitui. Iko Kabati nyingine Murang'a, kupita Thika, na si mmoja aliyejikuta huko.)

Usizunguke kila mahali. Chagua vyuo vitatu, si zaidi. Familia ya mfano wetu ina binti mwenye C, ambaye hajaamua kati ya kozi ya afya na ufundi wa umeme, na kijana wa kidato cha tatu anayesema atakwenda yunivasiti. Kwa hao, orodha inajipanga: KMTC tawi la Kitui, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, yaani SEKU, na chuo cha ufundi cha Wote, Makueni.

Alama ni muhimu hapa, usije ukalipa nauli ya bure. Digrii inataka C+ kwenda juu. Diploma katika vyuo vya ufundi huanzia C-, na cheti D. Kozi za afya zina masharti yake ya masomo maalum, kwa hivyo mwambie binti asome masharti ya kozi yenyewe kabla ya safari, si alama ya jumla peke yake.

Siku nazo. Vyuo vya ufundi huandikisha Januari, Mei na Septemba. Ukienda mapema Agosti unaweza kukuta wanafunzi bado wapo na ofisi zinajiandaa kwa Septemba, lakini piga simu kwanza kwa nambari iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile ya kwenye barua. Nenda siku ya kazi. Fika asubuhi, maana ukifika saa saba utakaa chini ya mti hadi saa nane.

Hesabu ya safari

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Pesa za nauli na pesa za karo zinakaa kwenye salio moja, na ukirudi nyumbani huwezi kusema ni nini kimekula nini. Tenganisha mapema.

Nauli zilizo hapa chini ni za mfano tu. Wewe weka zile za steji yako.

Siku ya kwanza ni Kitui mjini, watu watatu. Nauli 150 kwa kila mtu, kwenda na kurudi, ni 900. Chakula 200 kila mmoja ni 600. Jumla 1,500.

Siku ya pili ni SEKU. Soko la Kwa Vonza liko kwenye barabara ya Kitui kwenda Machakos, lakini chuo kiko kama kilomita 15 ndani kutoka sokoni. Wazazi wengi husahau kipande hiki. Wanaweka nauli hadi Kwa Vonza, wanashuka, halafu wanaanza kutafuta boda na pesa ya kurudi imeshaanza kupungua. Basi: matatu 300 kwa mtu, watatu, kwenda na kurudi ni 1,800. Boda mbili kwa 300 kila moja, kwenda na kurudi, ni 1,200. Chakula 600. Jumla 3,600.

Safari ya tatu ni Wote kupitia Machakos, na ni ndefu. Hapa waende wawili tu, binti na mzazi mmoja. Kijana abaki na ng'ombe. Nauli 900 kwa mtu, kwenda na kurudi, ni 3,600. Chakula cha siku mbili 1,000. Kulala ni kwa ndugu Machakos, lakini huendi kwa ndugu mikono mitupu, kwa hivyo 500 ya sukari na unga. Jumla 5,100.

Yote ni 10,200.

Ukiziangalia hivyo zinatisha. Zigawe. Ndengu huuzwa baada ya mvua za vuli, Januari na Februari, na hapo ndipo pesa zipo. Kutoka katikati ya Februari hadi mwanzo wa Agosti ni wiki 24. Ukiweka 450 kila wiki utakuwa na 10,800: safari nzima, na 600 za dharura. Weka kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa ya simu, muda uwe miezi isiyozidi sita, ili ikomae safari inapofika. Faida ya kufunga si riba sana. Ni kwamba jirani akija Jumapili jioni na shida yake, utamwambia kwa ukweli kwamba pesa hazitoki.

Kama umesoma somo hili Julai na hukuweka akiba, usikope kwenye simu ili upande matatu. Punguza safari. Nenda Kitui mjini siku moja, chuo kingine kipigie simu na utafute mwanafunzi wa huko anayetoka kwenu. Au ungana na wazazi wa chama chenu mkodishe Probox kwa siku. Wanne na dereva, si wale tisa tuliowazoea.

Kutoa pesa kwa akili

Wengi hutoa mia tano hapa, mia tano pale. Ada ya kutoa pesa kwa wakala hupangwa kwa viwango, na kiwango kimoja kinaweza kuwa kipana. Kwa wakala wa M-PESA, kwa mfano, kutoa 500 kumekuwa kukitozwa ada sawa na kutoa 2,500. Kwa hivyo ukitoa 500 mara tano umelipa ada mara tano kwa kazi ya mara moja. Tazama jedwali la ada kabla ya safari, utoe kiasi cha siku nzima mara moja asubuhi, na kingine kiache kwenye simu. Makanga na mama wa hoteli wakiwa na nambari ya tili, lipa huko.

Simu ya kabambe inatosha kwa haya yote, haihitaji intaneti. Inahitaji chaji tu. Simu ikizima ukiwa Kwa Vonza na nauli yote iko ndani yake, hiyo siku utaikumbuka. Mama awe na 500 taslimu kwenye leso.

Ukishafika chuoni

Chuo kizuri hakiogopi mzazi. Waambie mngependa kuona darasa na karakana. Kama kozi ni umeme, uliza mashine ziko wapi na wanafunzi wangapi wanazitumia kwa wakati mmoja. Kuna vyuo vidogo mjini vilivyo ghorofa ya pili juu ya duka la hadiwea, na udogo si kosa; viko vidogo vinavyofundisha vizuri. Kosa ni kukosa usajili.

Chuo cha ufundi, kiwe cha serikali au cha mtu binafsi, kinatakiwa kusajiliwa na kupewa leseni na TVETA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Omba kuona cheti cha usajili, kisha utafute jina la chuo kwenye orodha iliyo katika tovuti ya TVETA. Angalia pia kozi yenyewe imeruhusiwa, maana chuo kinaweza kuwa na leseni ya ushonaji na kikatangaza kozi ya famasia. Uliza mtihani wa mwisho ni wa nani: KNEC, au TVET CDACC, au ni cheti cha chuo chenyewe tu. Kwa uuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linaloidhinisha shule. Yunivasiti ziko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. SEKU, kwa mfano, ilipata hati yake mwaka 2013. Wazee wengine bado wanakumbuka mahali pale kama UKAI, taasisi ya kilimo.

Swali la karo liulize hivi: "Tafadhali nipatie karatasi ya karo ya kozi nzima, mwanzo hadi mwisho." Usiulize "karo ni ngapi", utaambiwa ya muhula wa kwanza. Kozi nzima ina ada ya mtihani, sare, vifaa, bweni, chakula, na ile miezi ya mafunzo kazini ambapo mtoto atahitaji chumba na nauli mahali pengine. Uliza pia kama wanafunzi wa chuo hicho hupata mkopo wa HELB.

Halafu mwachie binti dakika ishirini aongee na wanafunzi peke yake, wewe usiwepo. Kuhusu maji, chakula, walimu kufika darasani, atakuja na habari ambayo ofisi haitakupa. Na kama hataki chuo hicho, msikilize sababu zake kabla hujamwambia umetumia nauli.

Malipo ya kwanza

Sasa turudi kwenye ile barua. Langoni au ofisini anaweza kutokea mtu mwema sana. Anajua majina ya walimu. Anasema nafasi zinaisha leo, lakini yeye anaweza kukushikia moja kwa 3,000, umtumie kwa simu yake. Mjibu kwa heshima: "Asante, tutalipa kwa akaunti ya chuo." Mtu wa kweli atakuonyesha akaunti hiyo.

Karo ya chuo hulipwa kwa nambari ya biashara ya chuo au ya benki yake, na kwa kawaida nambari ya akaunti ni nambari ya mwanafunzi. Nambari hizo zitoke kwenye karatasi rasmi ya chuo uliyopewa ofisini. Malipo mengi ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, nambari ya biashara 222222, na maombi ya nafasi za KUCCPS hufanywa kwenye tovuti ya KUCCPS yenyewe, ambayo inakuonyesha kiasi na jinsi ya kulipa. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji nambari ya simu ya mtu.

Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa ni jina la mtu, ghairi. Likiwa ni jina la chuo au benki, soma tena nambari ya akaunti, tarakimu moja moja, mzazi akisoma na mtoto akiangalia karatasi. Pesa ikienda kwa akaunti ya mwanafunzi mwingine itarudi, lakini utaandika barua na kungoja, na muhula utakuwa umeanza. PIN ni yako. Karani asishike simu yako "akusaidie", na sisi wenyewe hatutakupigia kamwe tukiuliza PIN.

Na kama ulishatuma kwa mtu? Usione haya ukanyamaza. Piga simu huduma kwa wateja dakika hiyohiyo ukiwa na ujumbe wa muamala, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu. Kisha peleka habari polisi pamoja na ujumbe huo. Barua ile ya WhatsApp usiifute.

Ukishalipa kwa njia sahihi, ujumbe wa muamala bado si risiti ya chuo. Nakili ile namba ya muamala nyuma ya karatasi ya karo, nenda dirisha la uhasibu, na uombe risiti yenye jina la mwanafunzi na kiasi. Ngoja hapohapo hadi uipate, hata kama dereva anapiga honi, kwa sababu kutoka Kabati kurudi Wote kwa karatasi moja ni 1,800 nyingine.