Kivinjari Kipya, Kompyuta Kuukuu

Wanachama wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kivinjari kilichopitwa na wakati huwaachia wezi wa nywila mlango wazi. Basi kwenye Linux ya zamani fanya hivi:

1. Andika uname -m. Ukiona x86_64, mfumo wako ni wa biti 64.

2. Hifadhi nakala ya alamisho zako, maana tangu 2019 Firefox ya zamani hukataa data iliyoguswa na toleo jipya.

3. Pakua Firefox kutoka Mozilla, uifungue ndani ya folda yako. Si lazima kung'oa ile ya zamani.

Je, ukiona i686? Pole, hiyo ni biti 32, na Firefox 144 ya 2025 ndiyo ya mwisho kwako. Lakini andika lscpu: ikitaja 64-bit, mashine yenyewe inaweza, weka tu Linux ya biti 64. Jungu kuu halikosi ukoko!