SOMO LA MAKATIBU: KUCHAGUA PROGRAMU YA KUTUNZA KUMBUKUMBU ZA CHAMA

Daftari la wanachama, leja za hisa, akiba na mikopo, kitabu cha fedha na jalada la stakabadhi ni mali ya wanachama. Katibu amekabidhiwa tu kuvitunza. Muuzaji wa programu ya kompyuta afikapo ofisini, huonekana kana kwamba amekuja kuuza kitu. Kwa hakika amekuja pia kuomba akabidhiwe madaftari hayo. Kwa sababu hiyo jambo hili halifai kuamuliwa na katibu peke yake, wala na Mwenyekiti aliyefurahishwa na picha za rangi kwenye kioo cha kompyuta. Lastahili kujadiliwa na Bodi, na wanachama waelezwe katika Mkutano Mkuu ni nani atakayeshika kumbukumbu zao, kwa gharama gani, na kwa masharti gani.

Si mara ya kwanza kwa nchi hii kukutana na swali hilo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali katika mtambo huo hazikufaulu. Kazi ilitegemea mno wataalamu wa kigeni, watumishi wa ndani waliojua mtambo walikuwa wachache, na utaratibu wenyewe haukuwa umepangwa vema kabla ya kuingizwa humo. Hesabu zilivurugika, hasara ikawa kubwa, na Wizara ikarudia njia ya zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980 tu. Leo hakuna anayedai kompyuta zizuiwe. Lakini kosa lile la kununua mtambo kabla ya kuielewa kazi bado linatendeka, na sasa linatendeka katika ofisi za vyama vidogo ambavyo havina Hazina ya kubeba hasara.

Na tuchukue mfano. Chama cha akiba na mikopo kiko Rusimbi, mjini Kigoma-Ujiji. Chama hiki ni cha kubuni kwa ajili ya somo, lakini mambo yake ni ya kila siku. Miongoni mwa wanachama wamo wavuvi wa dagaa wa Katonga na Kibirizi, akina mama wanaoanika na kuuza dagaa, wafanyabiashara wa mawese, na walimu kadhaa. Chama hicho pia kimepata msaada kutoka kwa mfadhili wa nje, fedha za kujengea chanja za kuanikia dagaa. Bodi imeletewa programu tatu ichague moja.

Programu ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya mashirika yanayoishi kwa michango ya wafadhili. Programu za namna hii ziko nyingi duniani, na baadhi yake ni nzuri. CiviCRM, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2005, ni programu huria, yaani yeyote aweza kuitumia na kuirekebisha bila kununua leseni. Programu za aina hiyo hujua kumwandika mfadhili, ahadi aliyoitoa, fedha alizokwisha kuleta, stakabadhi aliyopewa, na tarehe ambayo taarifa yake inapaswa kupelekwa. Kwa fedha za chanja zingefaa sana. Lakini moyo wa programu hiyo ni mchango, yaani fedha zinazoingia zisirudi kwa aliyezitoa. Chama cha ushirika hakiko hivyo. Mwanachama wa Rusimbi anapoleta Sh. 10,000, lazima ijulikane kama ni hisa, ni akiba, ni rejesho la mkopo, au ni kiingilio, kwa maana kila moja ina haki zake na huandikwa mahali pake. Akiba aweza kuidai kesho. Programu isiyojua tofauti hiyo itamgeuza mwenye chama kuwa mfadhili wa chama chake mwenyewe.

Programu ya pili ilitungwa kwa ajili ya mikopo midogo. Mifano yake pia ni mingi. Mojawapo ni Mifos, iliyoanzishwa na Grameen Foundation ya Marekani kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo, nayo ni huria. Hizi hujua akiba, mkopo, riba, mdhamini na rejesho, na kwa chama cha akiba na mikopo ziko karibu zaidi na kazi yenyewe. Hata hivyo, ukaribu hautoshi. Hapa ndipo katibu wa Rusimbi anapopaswa kusimama na kumweleza muuzaji habari za ziwa.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, nao hufuata mwanga wa taa wakati wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzisha vyombo na kushona nyavu. Fedha za mvuvi basi huja na kuondoka pamoja na giza. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na kwa hiyo haulingani na mwezi wa kalenda. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu Januari 25. Desemba ya mwaka huo ulikuwa mpevu tarehe 15. Programu iliyopangiwa kudai rejesho kila tarehe 28 ingemdai mvuvi mwezi Januari siku tatu tu baada ya mbalamwezi kuu, wakati hana kitu mfukoni, na Desemba ingemdai giza limekwisha kuingia na samaki wanauzwa. Mwalimu analipwa mshahara kila mwisho wa mwezi, na tarehe 28 haimsumbui. Mkopo uleule, kanuni ileile, lakini mmoja anaonekana mwaminifu na mwingine anaonekana mdaiwa sugu. Kosa si la mvuvi.

Kisha kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Tuseme mvuvi alikuwa na mkopo wa kulipwa Sh. 50,000 kila tarehe 28, na programu imefundishwa kutoza faini ya asilimia 5 ya deni lililochelewa kila mwezi. Mei 28 haleti kitu, naye anaandikiwa faini Sh. 2,500. Juni deni lililochelewa ni Sh. 100,000, na faini ni Sh. 5,000. Julai ni Sh. 150,000, na faini Sh. 7,500. Jumla ni Sh. 15,000, bila mtu yeyote wa chama kuamua kumwadhibu. Chini ya daftari la mkono, katibu angeuliza Bodi, na Bodi ingeazimia kusogeza marejesho. Mtambo hauulizi. Kwa hiyo swali la kumtolea muuzaji ni hili: azimio la Bodi la kusimamisha marejesho ya kundi moja la wanachama kwa miezi 3 litaingizwa vipi, na nani, na je, litaacha alama ya kuonyesha tarehe na sababu ili mkaguzi alione? Muuzaji asiulizwe kwa maneno tu. Aonyeshe palepale, kwa kompyuta iliyowashwa, akitumia hesabu za mwanachama huyo wa mfano.

Njia hii ndiyo iliyo bora kuliko zote za kupima programu, na haina gharama. Wauzaji hupenda kuonyesha mambo yaliyonyooka. Chama kipeleke yaliyopinda. Makatibu wa Rusimbi wataona mengi: wanachama watatu wenye jina lilelile la Hamisi Juma, na mama anayetumia simu ya mwanawe. Yupo mwanachama ambaye bado hajapata namba ya kitambulisho cha Taifa, naye ni mwanachama halali. Yupo marehemu ambaye warithi wake hawajakubaliana. Programu inayokataa kumwandika mtu asiye na namba ya kitambulisho imejitwalia madaraka ya kuamua nani awe mwanachama, madaraka ambayo masharti ya chama hayakuipa. Namba ya uanachama ya chama chenyewe ndiyo iwe shina la kumbukumbu. Jina, simu na kitambulisho ni matawi.

Programu ya tatu iliyoletwa Rusimbi ilikuwa kubwa kuliko zote, na ilifanya kila kitu, hata mambo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Haihitaji maelezo marefu. Chama chenye wanachama 80 na mikopo 20 chaweza kuendeshwa kwa leja ya mkono iliyo safi pamoja na jedwali la Excel lililopangwa vizuri, mradi urari ufungwe kila mwezi. Kompyuta haijapata kumfanya mweka hazina mvivu kuwa mwangalifu.

Gharama nazo zahesabiwe kwa miaka, zisihesabiwe kwa siku ya kununua. Programu inayotozwa Sh. 60,000 kwa mwezi huonekana nyepesi. Kwa miaka 5 ni Sh. 3,600,000, na kama ada imewekwa kwa dola, itapanda kila shilingi inaposhuka. Programu huria haina ada ya leseni, lakini ina gharama ya mtu wa kuifunga na kuitengeneza, ya mafunzo, na ya mtambo wa kuiendeshea. Chama kiulize ni nani mwenye ujuzi huo aliye karibu. Fundi aliye Dar es Salaam ni mbali na Rusimbi siku ya Mkutano Mkuu. Jambo la lugha pia lina gharama yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, nao waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Karani asiyejua Kiingereza, akiwa mbele ya kioo kinachomwuliza kwa Kiingereza kama kweli anataka kufuta, aweza kufuta leja ya mwaka mzima.

Lipo swali ambalo vyama vingi hulisahau, nalo ni la kuondoka. Kabla chama hakijaingia, kijue kitatokaje. Mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu zote ni mali ya chama, kwamba chama chaweza kuzitoa zote wakati wowote katika umbo linalosomeka na programu nyingine, na kwamba mkataba ukivunjika muuzaji atazifuta kwake na kutoa hati ya kuthibitisha. Hili si shaka tupu. Mwaka 2020 wahalifu waliingia katika mitambo ya Blackbaud, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za wafadhili wa mashirika, shule na hospitali nyingi duniani. Wateja walioguswa walizidi 13,000. Kampuni iliwalipa wahalifu fidia, na mwaka 2023 ikakubali kulipa dola milioni 49.5 kwa majimbo ya Marekani. Baadaye mamlaka ya biashara ya nchi hiyo ilieleza kwamba kampuni ilikuwa imeendelea kushikilia hata kumbukumbu za wateja waliokwisha kuondoka. Shirika lililohama miaka iliyopita, likidhani limemaliza, majina ya watu wake yalikuwa yangali mle.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye kukusanya taarifa za watu anawajibika kwazo, hata kama amempa mwingine azitunze, na upo utaratibu wa kufuatwa endapo zinapelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo chama kiulize mtambo wenye kumbukumbu uko nchi gani. Vilevile, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ina mfumo wake uitwao MUVU, ambao vyama hutumia kupeleka taarifa zao. Programu itakayonunuliwa iweze kutoa hesabu zinazohitajika huko bila karani kuziandika upya kwa mkono, kwa maana kuandika mara mbili ni kukosea mara mbili.

Programu ikishachaguliwa, leja ya mkono isifungwe siku hiyo. Njia zote mbili ziendeshwe sambamba kwa miezi 3 kamili, na kila mwisho wa mwezi urari wa leja na urari wa kompyuta vilinganishwe mbele ya Kamati ya Usimamizi. Tofauti ya hata Sh. 100 itafutwe mpaka ijulikane. Nakala ya kumbukumbu itolewe kila jioni na kuhifadhiwa nje ya ofisi. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili ionekane kama kweli inafunguka. Kila mtumishi awe na neno lake la siri, na karani anayepokea fedha asiwe na uwezo wa kufuta alichokwisha kuandika.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika chama chenu, ni wanachama gani ambao mapato yao hayafuati mwezi wa kalenda? Masharti ya mikopo yanasemaje juu yao, na kwa vitendo hufanyikaje?

2. Andikeni mambo matano yaliyopinda kutoka katika leja zenu za mwaka jana, ambayo muuzaji wa programu angetakiwa kuyafanya mbele ya Bodi.

3. Katibu akifariki au akiacha kazi leo, ni nani mwingine anayeweza kufungua kumbukumbu za chama kesho asubuhi?