Cheza Ukisogea: Mazoezi na Michezo kwa Mgonjwa wa Parkinson

Nyumbani, mgonjwa wa Parkinson hulindwa kwa upendo. Anaambiwa akae, asichoke, maji ataletewa, mlango utafunguliwa na mjukuu. Upendo huo ni wa kweli, lakini ukizidi unamdhuru. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa jamaa za Goma kutetea jambo moja: mgonjwa huyu anahitaji kazi ya mwili kuliko mapumziko, na kazi hiyo humfaa zaidi inapounganishwa na mchezo unaomlazimu kufikiri huku anasogea. Katika nchi tajiri mchezo huo umekuwa wa kompyuta. Tutautazama ushahidi wake, kisha tuulize ni sehemu gani ya ushahidi huo inaweza kuingia katika nyumba ya Ndosho au Majengo.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Aliyeueleza kwa maandishi ni daktari James Parkinson wa London, mwaka 1817. Si sumu ya karuho, si uchawi, wala si uzee mtupu. Ndani ya ubongo zipo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayotuwezesha kuanza mwendo na kuuendeleza bila kuufikiria. Seli hizo zinapokufa, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua zinafupika, sauti inashuka, mwandiko unakuwa mdogo, na pengine miguu huganda mlangoni mtu akitaka kupita. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, ndiyo maana wengi huchelewa kutambuliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Wala si wa Wazungu peke yao. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Tanzania, yenye watu zaidi ya 160,000, waliwapata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Hapa Kivu hakuna sababu ya kudhani hali ni tofauti. Kuna wazee wanaoitwa wavivu au waliologwa, na kumbe ni wagonjwa.

Wengine watauliza: je, dawa haitoshi? Levodopa ni dawa nzuri, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na anayeitumia asiiache ghafla. Lakini inasaidia zaidi wepesi wa viungo kuliko uwezo wa kusimama imara. Mtu anaweza kumeza vidonge vyake kwa saa sahihi na bado akaanguka. Jamaa wajue pia kwamba zipo dawa zinazozidisha dalili hizi au hata kuzizalisha, kama metoclopramide inayotumika sana kuzuia kutapika, na haloperidol ya magonjwa ya akili. Kabla ya kununua dawa ya kichefuchefu kwenye famasi ya mtaa, sema wazi kwamba mgonjwa ana Parkinson.

Sasa tuje kwenye mchezo. Mtu mzima mwenye afya hutembea bila kuikumbuka miguu yake. Mgonjwa wa Parkinson amepoteza sehemu ya uwezo huo wa kutembea bila kufikiri, kwa hiyo kila hatua inaomba umakini. Mpe jambo la pili la kufanya wakati huohuo, na umakini unagawanyika: hatua zinafupika, mwili unayumba. Fikiria anayevuka barabara Birere, pikipiki na chukudu zinapita, ardhi ni mawe ya volkano, na jirani anamwita kwa jina kumsalimia. Hapo ndipo watu huanguka, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Parkinson huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Zoezi la kunyanyua mguu ukiwa umeshika kiti linaimarisha mguu, lakini halimwandai mtu kwa Birere. Mchezo mzuri unamwandaa, kwa kuwa unampa lengo, unampa kizuizi asichokitarajia, na unamwonyesha papo hapo kama amefaulu.

Wazo hilo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu 302 wenye miaka 60 hadi 90 kutoka Ubelgiji, Israeli, Italia, Uholanzi na Uingereza, wote wakiwa wameanguka angalau mara mbili katika miezi 6 iliyotangulia, na baadhi yao wakiwa na Parkinson, walitembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka mara tatu kwa wiki kwa wiki 6. Nusu yao walitembea tu. Nusu nyingine waliona miguu yao kwenye skrini mbele yao, na iliwabidi kuruka madimbwi ya picha, kukwepa vizuizi na kuchagua njia. Mashine ni ileile, muda ni uleule. Katika miezi 6 iliyofuata, kundi la mchezo lilipunguza kuanguka kutoka karibu mara 12 hadi 6 kwa kila mtu katika miezi sita, wakati kundi la kutembea tu lilishuka kutoka karibu 11 hadi 8. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, maana kilichotofautisha makundi hayo mawili si jasho, bali kufikiri wakati wa kutembea.

Utafiti wa pili ni wa Nijmegen, Uholanzi, uliotolewa mwaka 2019. Wagonjwa 130 wenye Parkinson ya hatua za mwanzo waligawanywa: wengine waliendesha baiskeli isiyosogea nyumbani kwao, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, wakishindana kwenye skrini, wengine walinyoosha viungo tu. Baada ya miezi 6, dalili za kundi la kunyoosha zilikuwa zimezidi waziwazi, na za kundi la baiskeli zilikuwa zimebaki karibu palepale. Kipimo kilifanywa kabla ya mgonjwa kumeza dawa, kwa hiyo faida haikuwa ya kidonge. Na walifanya yote hayo nyumbani, si hospitalini, jambo linalotuhusu sana sisi ambao kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yuko mbali na nauli ni shida.

Lakini tusidanganyane. Ushahidi hausemi kwamba kompyuta inashinda kila zoezi. Huko Brazil mwaka 2012 wagonjwa 32 waligawanywa, wengine wakifanya mazoezi ya kawaida ya kusimama imara na wengine wakicheza mchezo wa kompyuta uitwao Wii, na makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Mwaka 2023 watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 156 yenye watu 7,939, wakalinganisha ngoma, mazoezi ya majini, baiskeli, michezo ya skrini na mengineyo. Waliona kwamba aina nyingi za mazoezi zinasaidia, na tofauti kati ya aina moja na nyingine ni ndogo. Kwa maoni yangu hii ni habari njema kwa Goma kuliko kwa Nijmegen. Kama nguvu ingekuwa ndani ya mashine, tungebaki tunasubiri mashine. Na mashine zenyewe hazidumu: Kinect, kifaa cha Microsoft kinachoona mwili unavyosogea, kiliacha kutengenezwa mwaka 2017.

Kwa hiyo anayesema kwamba umeme unakatika, kwamba hana televisheni, kwamba mji huu umepitia volkano na vita na watu wana shida kubwa zaidi, anasema kweli, ila hoja yake haibomoi hoja yetu. Mwenye kifaa cha mchezo kinachofuata mwendo wa mwili akitumie. Simu ya kushika mkononi ukiwa umekaa si zoezi, na inainamisha shingo ambayo tayari imeinama. Simu itumike kupiga mdundo tu, au kuhesabu muda. Asiye na kifaa achore kwa chaki sakafuni viboksi vinne vikubwa na kuvipa majina: Himbi, Katindo, Virunga, Majengo. Mtoto anaita jina, mzee anapiga hatua ndefu hadi kwenye kiboksi hicho na kurudi. Akizoea, mtoto anaita majina mawili kwa mpigo, au anataka babu ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa sauti kubwa. Pointi ziandikwe ukutani kwa makaa, ili kesho ashindane na jana. Mchezo huu haujapimwa kama ule wa Uholanzi, lakini umejengwa kwa vitu vilevile: hatua kubwa, lengo linaloonekana, akili inayofanya kazi, na matokeo ya papo hapo.

Zipo jamaa zitakazoona haya kumpa mtu wa heshima mchezo wa watoto. Heshima ya mzee hailindwi kwa kumkalisha hadi ashindwe kwenda msalani peke yake. Lakini pingamizi hilo lina ukweli ndani yake: mchezo usiomfaa unamdhalilisha. Katika utafiti mwingine wa Brazil wa mwaka 2012, wagonjwa walijifunza vizuri michezo 7 kati ya 10, na mingine ikawashinda kwa sababu ilidai uamuzi wa haraka mno. Anayeshindwa kila mara ataacha. Mwulize yeye anapenda nini, mwache achague kasi, na mtoto afundishwe kumwita babu au bibi kwa adabu wakati wa kucheza, asimcheke anapokosea.

Hatari ya kuanguka ndiyo pingamizi zito kuliko yote, na katika jaribio lile la mashine ya kutembea walitumia mikanda ya kumshika mtu kifuani. Nyumbani tuna watu. Chagua saa ambayo dawa imeshaanza kufanya kazi. Ondoa viti vya plastiki, mikeka na vyombo vya maji njiani, avae viatu vinavyoshika mguu, si kandambili. Mtu mzima mwenye nguvu asimame ubavuni, nyuma kidogo, bila kumvuta mikono. Kiti kizito kiegemee ukuta karibu naye. Miguu ikiganda, msimsukume: asimame, apumue, ahamishe uzito kutoka mguu huu hadi huu, kisha apige hatua moja kubwa juu ya mstari wa chaki. Wakati wa kucheza apumue kwa nguvu kiasi kwamba anaweza kusema lakini hawezi kuimba. Aanze na dakika 10 na aongeze polepole hadi 30, mara tatu kwa wiki.

Kabla ya kuanza, mgonjwa aonwe na daktari na, ikiwezekana, kine, kwenye hospitali ya karibu au kwenye kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kila anaposimama, au akianza kuanguka kuliko zamani, mchezo usimame siku hiyohiyo na arudi kwa daktari kabla ya kuuendeleza.