Majina ya Babu Zetu Yasipotee

Mjini Dar es Salaam, mahali mitaa ya Samora na Azikiwe ikutanapo, karibu na Posta, imesimama sanamu ya askari aliyeshika bunduki. Ilizinduliwa mwaka 1927, iwe ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maneno yaliyochongwa hapo huwaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini mpita njia akiizunguka sanamu hiyo pande zote, haoni jina la mpagazi hata mmoja.

Kutoka hapo si mbali kufika Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliwaweka huko wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Neno hilo vinywani mwa wenyeji likageuka Kariakoo. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Leo jina la kikosi hutajwa na kila aendaye sokoni. Majina ya wabebaji wenyewe ni wachache wayajuao.

Basi, wazazi wapenzi, tujifunze. Ahadi ya kukumbukwa haitimizwi na shaba. Hutimizwa na watoto, nao hawawezi kukumbuka wasichoambiwa. Mjini Mhaya humwoa Mmakonde, mtoto wao huzaliwa Ilala, na kwao babu hupelekwa penye msiba tu. Tena jambo hili si la fahari bure. Wasiojua nasaba yao huweza kuchumbiana hali wao ni ndugu wa damu, na katika mirathi mwenye haki huweza kukosa la kujibu aulizwapo, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Tuanzie wapi? Kwanza, kwa wazee. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa asiachwe. Aulizwe alikuwa na umri gani siku ya Uhuru, mwaka 1961, na baba yake alimsimulia nini juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kwa njia hiyo miaka hukadiriwa.

Pili, tuyachunguze majina. Juma na Hamisi hutaja siku. Masika hutaja majira. Shida na Tabu hutaja hali ya nyumba mtoto alipozaliwa. Kwa Wanyakyusa, mwanzo wa "Mwa-" huonyesha uzao wa babu fulani. Lakini tuangalie sana: wengi wetu hutumia jina la baba mahali pa jina la ukoo. Juma humzaa Hamisi Juma. Huyu humzaa Yohane Hamisi. Naye humzaa Petro Yohane. Katika vizazi vitatu jina la Juma limekwisha toweka.

Tatu, twende kwenye vitabu. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, paroko ana wajibu wa kuandika ndoa zinazofungwa. Kitabu cha ubatizo nacho huonyesha jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi, tarehe na mahali. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Katika vitabu vya zamani majina huweza kuandikwa kwa Kilatini, hivyo Yosefu atafutwe pia kwa Josephus, na Yohane kwa Joannes. Aendaye kwa paroko achukue jina la ubatizo, majina ya wazazi na mwaka wa kukadiria, asije akampekuzisha padre vitabu vyote bure. Kwa upande wa serikali, vizazi na vifo husajiliwa na RITA; na Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka 1963, hutunza majalada ya enzi ya Wajerumani na ya Waingereza.

Lakini kitabu cha kwanza ni kile cha nyumbani. Jioni hii baba atwae daftari, aandike majina ya wazazi wake, ya babu na bibi, na ya wazazi wao, pamoja na kijiji na ukoo wa kila mmoja. Mama naye aandike ya upande wake, maana damu ya mtoto haitoki upande mmoja. Asipojulikana mmoja, pafasi yake iachwe wazi, na aliye mzee zaidi katika jamaa aulizwe mapema, kabla hajafumba macho.