Mzigo Usioteleza Katika Lori

Barabara itokayo Ol Kalou hushuka mpaka Gilgil, ikaungana na njia kuu ya Nairobi na Nakuru. Hapo hupita malori yachukuayo viazi vya Nyandarua. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Basi magunia 100 ni tani 5. Dereva akifunga breki ghafula, lori husimama, lakini tani hizo hutaka kuendelea mbele.

Kwanza, sakafu ifagiliwe na kukaushwa kabla ya kupakia. Tope hutelezesha magunia, tena huozesha mbao na kutia chuma kutu.

Pili, yatandikwe matandiko ya mpira. Mpira hushika mzigo na kuikinga sakafu isichubuke. Baada ya safari yaondolewe, maji yasikae chini yake.

Tatu, magunia yaanzie ukuta wa mbele, yashikamane pasipo nafasi, kisha yafungwe kwa kamba, kwa maana mpira peke yake hautoshi. Baada ya mwendo mfupi dereva asimame azikaze kamba zilizolegea.

Utingo naye asikae juu ya mzigo, kwani ukihama, humchukua.