Sehemu za Diski Zinapopotea Baada ya Kusakinisha Upya Mfumo wa Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kumweleza mwalimu tarajali jambo ambalo aghalabu humkuta akiwa kazini, ingawa halimo katika azimio lake la kazi. Kompyuta ya shule ilikuwa ikisuasua. Fundi ameitwa, amesakinisha upya mfumo wa uendeshaji, nayo sasa inafunguka kwa wepesi. Lakini mwalimu wa taaluma anapoitafuta ile sehemu ya diski iliyokuwa ikiitwa D, yenye alama za wanafunzi za miaka mitatu, haioni. Yampasa mwalimu ajue la kufanya katika saa ile ya kwanza, kwani hapo ndipo alama hizo huokolewa au hupotezwa. Yampasa pia awe na njia ya kuwaeleza wanafunzi wa Sayansi na Teknolojia jambo hilo bila kuwalemea kwa maneno magumu.

Jinsi diski inavyogawanywa

Tuchukue mfano wa shamba la shule. Shamba ni moja, lakini limegawanywa vipande, na kila darasa lina kipande chake. Ofisini pana ramani inayoonyesha kila kipande kinapoanzia na kinapoishia. Ramani hiyo ikiungua, mahindi hayaungui. Yamesimama kondeni vilevile, ila mgeni hawezi kujua lipi la darasa gani. Lakini ikichorwa ramani mpya inayosema kwamba upande wa mashariki ni pori, kisha mtu akaja na jembe akalima huko, hapo mahindi yamekwisha.

Ramani ya diski huitwa jedwali la sehemu. Katika mtindo wa zamani, uliotokea katika kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali hukaa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512: baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila sehemu huandikwa kwa baiti 16, ndiyo maana jedwali hilo haliwezi kutaja zaidi ya sehemu 4. Mtindo mpya, uitwao GPT, kwa kawaida una nafasi za sehemu 128, tena huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Mtindo wa zamani hauna nakala ya namna hiyo.

Fundi anaposakinisha mfumo, programu ya usakinishaji humwonyesha orodha ya sehemu na kumruhusu kuzifuta, kuziunganisha au kuzifomati. Haimwulizi ni ipi yenye alama za Darasa la Sita. Hapo ndipo chanzo cha matatizo mengi tunayoyaona.

La kufanya

Jambo la kwanza ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo. Mtu asihifadhi faili, asisakinishe programu, wala asiiache ipakue masasisho usiku kucha. Windows ikitoa ujumbe kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumika, jibu ni kukataa. Katika Windows za tangu Vista, kufomati kwa ukamilifu huandika sifuri katika sehemu nzima. Kufomati kwa haraka hakufuti yote, lakini huweka orodha mpya ya faili na kuifanya kazi ya uokoaji iwe ngumu. Diski za SSD zinahitaji haraka zaidi, kwa sababu mfumo huweza kuiarifu diski kwamba nafasi fulani haina kitu, nayo diski ikaisafisha yenyewe.

Baada ya hapo tutazame hali halisi kwa kutumia programu ya Disk Management iliyomo ndani ya Windows. Pengine sehemu ipo nzima, ila haikupewa herufi, au imepewa E badala ya D. Hili ndilo jepesi kuliko yote: tunaipa herufi, na faili zinaonekana. Tumewahi kuona shule ikikaa muhula mzima ikidhani imepoteza kumbukumbu zake, kumbe ilikosekana herufi moja tu.

Pengine Disk Management inaonyesha nafasi isiyogawiwa, au sehemu isiyotambulika iliyoandikwa RAW. Hapa ramani imeungua, au mwanzo wa kipande umeharibika. Tusiunde sehemu mpya mahali hapo. Tuitoe diski, tuiunganishe na kompyuta nyingine, na ikiwezekana tuchukue kwanza picha kamili ya diski nzima na kuiweka katika diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Ndipo tutumie programu kama TestDisk, iliyotungwa na Christophe Grenier, ambayo hutolewa bila malipo. Programu hiyo hailitegemei jedwali peke yake; huipitia diski ikitafuta sekta za mwanzo za kila sehemu, kwa kuwa sekta hizo zimeandikwa ukubwa wa sehemu. Ikiipata sehemu, huonyesha faili zilizomo. Ushauri wetu ni kunakili faili hizo mahali pengine kabla ya kukubali jedwali jipya liandikwe.

Faili zilizokuwa katika sehemu C, pamoja na zile zilizowekwa juu ya uso wa skrini, ni habari nyingine. Ikiwa fundi hakuifomati C, Windows hukusanya mambo ya zamani katika folda iitwayo Windows.old, na faili zifaa zitafutwe humo mapema. Ikiwa aliifomati kisha mfumo mpya ukaandikwa juu yake, mwalimu asitarajie makubwa.

Kulifundisha darasani

Hatushauri kabisa kufanya somo hili kwa kompyuta yenye kumbukumbu za shule. Utepe wa karatasi wenye visanduku 40 vilivyopewa namba unatosha, na darasa lisilo na umeme halitanyimwa somo.

Kisanduku cha 1 ni cha jedwali. Sehemu A inaanza kisanduku cha 2 na ina visanduku 14. Inaishia cha 15. Sehemu B inaanza cha 16 na ina visanduku 25. Inaishia cha 40. Katika kisanduku cha kwanza cha kila sehemu tuchore nyota na kuandika idadi ya visanduku vyake. Katika cha mwisho tuweke nakala ya nyota hiyo. Hivyo ndivyo mfumo wa faili wa NTFS ufanyavyo, kwani huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa sehemu. Visanduku vingine vijazwe majina ya wanafunzi na alama za kubuni.

Sasa mwalimu afute jedwali na kuandika jipya linaloitaja A tu. Awaulize wanafunzi: je, alama za B zimepotea? Wengi watasema ndiyo. Mwanafunzi mmoja aupitie utepe kuanzia cha 2 mpaka aione nyota ya pili, kisha darasa liandike jedwali sahihi.

Zoezi la pili ndilo lenye uzito. Fundi ameipanua A hadi visanduku 20, kwa hiyo ameandika juu ya cha 16 mpaka cha 21. Mwalimu abandike karatasi nyeupe juu yake. Nyota ya mwanzo ya B haipo tena. Lakini katika cha 40 pana nakala inayosema 25. B ilianzia wapi? Wanafunzi wengi hutoa 25 katika 40 wakapata 15. Mwalimu asiwakatize, awaache wahesabu kwa vidole kutoka cha 40 kurudi nyuma mpaka wafikishe 25, waone wenyewe kwamba wamefika cha 16. Kisha waorodheshe alama zilizobaki, cha 22 hadi cha 40, na zile zilizofunikwa.

Kipindi kimoja hakitoshi kwa mazoezi yote mawili. Sisi huligawa somo kwa vipindi viwili, na tepe huandaliwa na wanafunzi wenyewe siku moja kabla, kwa vikundi vya watu wanne.